Matriksi za uhamisho kwa elektroni zilizonaswa: uzoefu wangu

Mwaka mzima sasa naitumia mbinu hii kupima elektroni inanaswa ndani ya umbali gani kwenye mata isiyo na mpangilio. Naipa nyota nne kati ya tano.

Ukijua wimbi la elektroni lilivyo kwenye atomu mbili jirani, matriksi moja (jedwali dogo la namba) inakupa la atomu inayofuata. Unazidisha, unazidisha tena, kila atomu na nishati yake ya kubahatisha, kisha unaangalia jibu linakua kwa kasi gani. Kasi hiyo ndiyo kipeo cha Lyapunov. Gawa 1 kwa hicho kipeo, umepata urefu wa kunaswa. Kwa waya mwembamba, msimbo wote ni mistari isiyozidi 20.

Mimi nilianza vibaya. Niliweka nguvu ya mruko (wepesi wa elektroni kuhamia atomu jirani) 1 na upana wa nishati za nasibu W = 1, nikaiacha izidishe bila kupunguza vekta (orodha ya namba za wimbi) njiani. Zilipopita hatua 70,000 na ushei, namba ikavuka kikomo cha kompyuta, karibu 10³⁰⁸, na kila kitu kikaharibika. Dawa yake ni rahisi: kila hatua 10, gawa vekta kwa urefu wake, weka logi ya urefu huo pembeni, endelea.

Kisha ikaja ile 105. Katikati ya bendi (safu ya nishati ambazo elektroni inaweza kuwa nazo), fomula ya vitabuni inasema urefu wa kunaswa ni 96/W², yaani 96 kwa W yangu. Kompyuta ikashikilia 105 tu. Siku tatu nasaka kosa, hata jenereta ya namba nasibu nikabadilisha. Kumbe inayoteleza hapo katikati ni fomula. Wanafizikia Kappus na Wegner walishalieleza hilo mwaka 1981. Nikasogeza nishati kidogo, zikapatana. Tangu siku hiyo naiamini mbinu hii kuliko karatasi yangu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mata yenye urefu, upana na kimo, si waya tu. Tofali lenye upana wa atomu 10 linadai matriksi za 200 kwa 200, na ukiongeza upana mara mbili, kazi ya kila hatua inapanda mara 64. Kuupata mpaka wa metali na kihami (pale elektroni zote zinaponaswa), W karibu 16.5, lazima upime upana kadhaa. Feni ya kompyuta ilivuma usiku kucha.

Tena haikuonyeshi elektroni imejificha wapi. Kwa hilo nachukua mbinu ya "mandhari" ya watafiti Filoche na Mayboroda ya 2012: mlinganyo mmoja wa mstari, na mabonde yanayotenganisha maficho yote unayaona.