Hali ya kuendesha kwenye simu: inamfaa kiasi gani dereva wa Dar es Salaam?

Simu nyingi za kisasa zina mpangilio uitwao hali ya kuendesha, ambao ukiwashwa hunyamazisha milio na kuficha arifa wakati gari linatembea, na katika baadhi ya simu humjibu anayekutafuta kwamba uko barabarani. Nimeutumia kwa miezi kadhaa katika safari zangu kati ya Tegeta na Posta, kwenye simu yangu ya Android, na nimeufuatilia pia kwenye iPhone ya mke wangu, ambaye naye huendesha kila siku. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote alizonazo dereva wa jiji hili, na kwa sababu madereva wengi ninaowafahamu wanayo mfukoni na hawajawahi kuifungua. Hukumu yangu ni kwamba inafaa sana, lakini haikutengenezwa kwa kuzingatia namna sisi tunavyopigiana simu, na asiyeirekebisha ataizima ndani ya wiki ya kwanza.

Kwanza nieleze kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 55 katika sekunde nne, umbali unaozidi urefu wa mabasi matatu ya mwendokasi, yale marefu yenye kiungo katikati. Sekunde nne hazitoshi hata kusoma ujumbe wa malipo hadi kufika kwenye salio, na katika mita hizo 55 za Barabara ya Bagamoyo kuna kivuko cha waenda kwa miguu, kuna bajaji inayoshusha abiria bila kutoka barabarani, na kuna bodaboda anayepenya kushoto kwako. Mwaka 1997 watafiti Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha uchunguzi wa madereva wa Toronto, Canada, ambao ulionyesha kwamba hatari ya kugongana iliongezeka mara nne wakati dereva alipokuwa akitumia simu, na hiyo ilikuwa enzi ya simu za kupiga na kupokea tu, kabla ya WhatsApp na picha mjongeo.

Apple iliingiza mpangilio huu kwenye iPhone mwaka 2017 kupitia toleo la 11 la mfumo wake, na mwaka 2021 ikauweka ndani ya utaratibu mpana zaidi wa kuchuja arifa. Kwa upande wa Android hali hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni: simu za Samsung zina sehemu ya kutengeneza hali maalumu, ikiwamo ya kuendesha, na nyingine zina Usinisumbue pekee, ambayo mtumiaji huiwasha mwenyewe anapoingia garini. Kasoro kubwa iliyo wazi tangu mwanzo ni kwamba mpangilio wenyewe hukaa umezimwa hadi mwenye simu auwashe. Uchunguzi wa IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kama mtu mmoja tu kati ya watano wenye iPhone inayoufaa ndiye aliyeuweka ujiwashe wenyewe, na sioni sababu ya kudhani kwamba sisi tuko mbele yao.

Simu hutambua kwamba unaendesha kwa njia mbili kuu: kwa vihisi vyake vya mwendo, au kwa kuunganishwa na redio ya gari kwa Bluetooth. Njia ya vihisi ndiyo rahisi, lakini kwa foleni zetu haitegemeki. Pale Mwenge jioni, gari likiwa linasogea mita chache kisha linasimama dakika kadhaa, simu yangu ilijiona imefika safari, ikafungua arifa zote zilizozuiliwa, zikamiminika kwa mkupuo, na hakuna wakati ambapo kishawishi cha kuishika simu ni kikubwa kuliko huo. Wako wanaosema kwamba foleni si kuendesha, kwa hiyo kuchati hakuna ubaya. Siafikiani nao. Katika foleni zetu wachuuzi hupita kati ya magari wakiwa na maji na karanga, watoto huvuka, na askari anapoyaruhusu magari hakuna anayekusubiri umalize sentensi yako. Isitoshe, ukiwa abiria kwenye daladala vihisi hivyohivyo hudhani wewe ndiye dereva, na inakubidi uiambie simu kwamba huendeshi, hatua ambayo kila dereva naye anaweza kuibonyeza akitaka.

Njia ya Bluetooth ni bora zaidi, kwa kuwa simu hubaki katika hali hiyo tangu gari linapowashwa hadi linapozimwa, liwe linakwenda au limesimama. Magari mengi tunayoendesha yaliagizwa Japani yakiwa yametumika, na redio zake mara nyingine hazina Bluetooth au zina maandishi ya Kijapani yasiyosomeka kwa wengi wetu. Nilichofanya ni kununua Kariakoo kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti kwenye redio, nikakiunganisha na simu, kisha nikaielekeza simu iingie katika hali ya kuendesha kila inapokiona. Tangu hapo sijalazimika kukumbuka kuiwasha, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalotenganisha mpangilio unaotumika na mpangilio unaosahaulika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha tathmini yangu, yaani jibu analopewa anayekupigia. Madereva wengi wa hapa hawashiki simu kwa sababu wamechoka au wanatafuta burudani. Wanashika kwa sababu kutopokea kunahesabiwa kuwa dharau. Mama akipiga kutoka kijijini na simu ikaita hadi ikakatika, hofu yake ya kwanza ni kwamba kuna jambo limetokea. Bosi akipiga, fundi akipiga, mwenye nyumba akipiga, kila mmoja anatarajia angalau aambiwe "nipo barabarani, nitakupigia". Maneno hayo matatu ndiyo yanayomfanya mtu aondoe mkono kwenye usukani, na simu inayonyamaza tu haimwondolei dereva deni hilo, kwa kuwa anajua kwamba kila dakika inayopita kuna mtu anaudhika. Ndiyo maana naupa uzito mkubwa ujumbe wa kujibu kuliko kunyamazisha milio.

Ujumbe uliomo kwenye simu unapoinunua huwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa maneno ya jumla. Ubadilishe siku hiyohiyo. Wangu unasomeka hivi: "Shikamoo au habari, sasa hivi ninaendesha na simu nimeiweka mbali. Niko salama. Nitakupigia nikishafika." Salamu niliiweka kwa sababu ujumbe huohuo huenda kwa baba mkwe na kwa kijana wa gereji, na neno kwamba niko salama liliwekwa kwa ajili ya mama. Tangu niubadilishe, wanaonitafuta wamepunguza kupiga mfululizo, na ndugu zangu wamekuwa wakinisubiri bila manung'uniko. Kwenye iPhone kuna utaratibu wa kumruhusu mwandishi wa ujumbe ajibu kwa neno maalumu la Kiingereza iwapo jambo ni la dharura, na arifa yake ikapenya. Ni wazo jema, ila kwa mtu asiyesoma Kiingereza ni mlango uliofungwa, na ningependa kuona watengenezaji wakiruhusu neno hilo lichaguliwe na mwenye simu.

Kuna kipengele kingine kinachohitaji kuzimwa. Simu nyingi huruhusu mpigaji yuleyule apenye iwapo amerudia kupiga ndani ya muda mfupi, kwa dhana kwamba anayerudia ana dharura. Huko dhana hiyo ilikotengenezwa pengine ni sahihi. Hapa mtu asiyepokelewa hurudia mara tatu kama kawaida, hata kama anauliza bei ya mchele, na wapo wanaobipu kwanza kisha wakapiga. Nilikizima, badala yake nikaweka orodha fupi ya watu wanaoruhusiwa kupenya wakati wowote: mke wangu, shule ya watoto, na jirani anayekaa na mama. Orodha ikirefuka haina maana tena.

Udhaifu mkubwa zaidi wa mpangilio huu ni WhatsApp. Jibu la moja kwa moja la iPhone hupitia ujumbe wa kawaida, na la simu yangu vilevile, wakati mawasiliano mengi ya jiji hili, kuanzia kikundi cha wazazi hadi michango ya harusi, yako WhatsApp. Kunyamazisha hunyamazisha, lakini aliyetuma sauti ya dakika tatu hapati jibu lolote. Njia niliyoiona inasaidia ni WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ambayo ina ujumbe wa kutokuwepo unaoweza kupangiwa saa. Nimeupanga kwa saa zangu za kwenda na kurudi kazini. Si suluhisho kamili, kwa sababu safari za katikati ya siku hazina ratiba, ila kwa mwenye biashara ndogo anayepokea oda akiwa njiani, ni bora kuliko kujibu kwa kidole gumba huku akipandisha daraja la juu la Ubungo.

Wako watakaosema kwamba haya yote hayana haja ikiwa mtu anaongea kwa spika ya gari bila kushika simu. Uchunguzi ule wa Toronto haukuona kwamba simu zisizoshikwa mkononi zilikuwa salama zaidi. Mwaka 2015 taasisi ya AAA Foundation for Traffic Safety pamoja na Chuo Kikuu cha Utah walieleza kwamba baada ya dereva kuiamuru simu au gari kwa sauti, mawazo yake yanaweza kubaki yametawanyika hadi sekunde 27 tangu amalize. Kwa hiyo sipendekezi Bluetooth kama njia ya kuongea. Naipendekeza kama swichi ya kuiambia simu ikae kimya.

Kuhusu holda za simu zinazouzwa barabarani na madukani, niseme kwa ufupi. Ile ya kunata kwenye kioo cha mbele hulegea kwa joto letu la mchana na huziba upande ambao bodaboda hutokea, kwa sababu usukani wetu uko kulia na wao hupenya kushoto. Ile ya kubana kwenye tundu la kiyoyozi ni bora, lakini iwe kwa ajili ya ramani tu, na ramani ipangwe kabla gari halijaondoka. Bila hali ya kuendesha, holda humwekea dereva kila arifa mbele ya macho.

Je, sheria haitoshi? Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, ilhali simu za mkononi ziliingia nchini katika miaka ya 1990, na askari wa trafiki aliyesimama juani humwona anayeweka simu sikioni, si anayeiangalia mapajani. Nchi nyingine zimekwenda mbali: Uingereza tangu mwaka 2017 hutoza pauni 200 na kuweka pointi 6 kwenye leseni, na mwaka 2022 ikapanua katazo hadi kupiga picha na kucheza michezo ukiwa umeishika simu, jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza mwaka 2020 kuwaadhibu madereva kwa kutumia kamera zinazopiga picha ndani ya gari kutoka juu. Ningefurahi kuona kamera za namna hiyo pale Morocco na Tazara. Hadi zitakapokuja, kinachoweza kuufikia mkono wa dereva ni kile kilichomo ndani ya simu yenyewe.

Kundi ambalo mpangilio huu hauwasaidii kabisa ni madereva wa teksi za mtandao na bodaboda, na hili linaniumiza, kwa kuwa wao ndio walio barabarani kutwa nzima. Kazi yao inaingia kupitia simu: ombi la abiria hutokea likiwa na sekunde chache za kulikubali, kisha abiria hupiga kuuliza "uko wapi?", kwa sababu anwani zetu ni mti wa mwembe na geti jeusi. Akiizima simu, amezima riziki yake. Hapa mabadiliko yanapaswa kutoka kwa wenye programu, ambao wanajua mwendo wa kila gari lao kwa kila sekunde na wangeweza kulishikilia ombi hadi gari lisimame, bila kumnyima dereva zamu yake. Sisi abiria nasi tunaweza kuandika maelezo ya mahali tulipo badala ya kupiga, na tukiwa ndani ya gari kusema kwa heshima: "Kaka, naomba uegeshe kwanza ndipo uongee, mimi sina haraka." Nimelisema hilo mara nyingi, na karibu kila dereva aliegesha.

Mwisho, wenye laini mbili katika simu mbili wakumbuke kuishughulikia ile ya pili, ambayo mara nyingi ni kitochi kisicho na mpangilio wowote wa kuendesha. Kitochi nacho huweza kuhamisha simu zinazoingia: andika **21*, kisha namba ya mtu uliyekubaliana naye akupokelee, malizia na #, halafu piga. Ukifika, ##21# huondoa uhamisho huo. Mpigaji atasikia sauti ya binadamu ikimwambia kwamba uko njiani, na ni vyema kuangalia kwanza gharama kwa mtandao wako, kwa sababu dakika za kuhamishiwa zinaweza kukatwa kwenye salio lako.