Vitabu vya Sekondari Nilivyovisoma Upya: Kipi Ununue?

Bandugu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina vitabu vitatu vya Kifaransa ambavyo wengi wetu hapa Lubumbashi tulikutana navyo sekondari, na mimi nilivipenda sana enzi hizo. Nimevisoma tena vyote, kwa ajili yenu mnaouliza kama bado vinafaa kununuliwa. Vinafaa, ila havilingani.

Cha kwanza, *L'Enfant noir* cha Camara Laye, 1953. Kouroussa, Guinea, baba mhunzi, nyoka mdogo mweusi, kijana anayeishia kwenda Ufaransa. Kifaransa chake ni chepesi. Mnunulie mtoto, mwambie akusomee kwa sauti pale baba anapoyeyusha dhahabu. Utamu wake uko palepale.

Sasa hiki, *Une vie de boy* cha Ferdinand Oyono, 1956. Toundi ni kijana wa Kameruni, boyi, yaani mtumishi wa nyumbani, kwa komanda Mfaransa, mtawala wa kikoloni, na kila anachokiona anakiandika kwenye daftari. Anaona hadi Madamu, mke wa komanda, akitembea kimapenzi na mkuu wa gereza. Zamani nilisoma kwa ajili ya Toundi tu, na yale mazungumzo ya wafanyakazi wakiwachambua mabwana zao. Safari hii aliyenishika ni Kalisia, msichana anayeajiriwa kumhudumia Madamu. Anaingia hadithi ikiwa imeshakwenda mbali, hasemi mengi, lakini ndiye anayemwambia Toundi aondoke mapema, maana ameshajua siri zao na hawatamvumilia. Toundi anabaki. Nilisoma pale nikitamani kumvuta mkono.

Na kwetu sisi kitabu hiki kina uzito wa pekee. Mwaka 1965, hapahapa mjini, André Yav aliandika *Vocabulaire de ville de Elisabethville* (ndilo jina la zamani la Lubumbashi), kijitabu cha Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kinachosimulia historia ya mji kwa upande wa waliokuwa maboyi. Kisome baada ya Oyono. Toundi ametungwa, watu wa Yav walifagia nyumba za mji huu.

Cha tatu ndicho ninachokiweka juu ya vyote: *Une si longue lettre* cha Mariama Bâ, 1979. Mwaka uliofuata kilipata Tuzo ya Noma, ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, ya kwanza kabisa kutolewa. Ramatoulaye, mjane wa Senegal mwenye watoto kumi na wawili, anamwandikia rafiki yake Aïssatou. Mumewe Modou alikuwa amemwoa mke wa pili, Binetou, rafiki wa binti yao wenyewe. Tukiwa darasani tulibishana tu: kwa nini hakuondoka, kama Aïssatou alivyoondoka kwake? Leo naona kazi aliyoifanya kwa kubaki: kulipa bili, kwenda sinema peke yake watu wakimtazama, kujifunza kuendesha Fiat 125 aliyonunuliwa na Aïssatou. Kisha shemeji yake Tamsir anakuja kutaka kumrithi, naye anamjibu, baada ya miaka thelathini ya kunyamaza. Akina mama wenzangu, someni majibu yale. Nanyi akina baba pia, someni polepole. Kama pesa inatosha kitabu kimoja, chukua hiki.

Kuhusu nakala zenyewe: vyote vitatu ni vyembamba, vinaingia kwenye mkoba. Vile vya okazi, yaani vilivyokwisha kutumika, vinavyopangwa chini katikati ya mji, vipindue kabla ya kulipa. Gundi ya mgongoni hukauka, karatasi zikaanza kuchomoka, na zinazotangulia kupotea ni za mwanzo. Kwa Oyono hilo ni hasara kubwa, kwa sababu kitabu kinaanza na Toundi akiwa kwenye kufa, nje ya nchi yake, na hapo ndipo daftari linapopatikana. Kurasa hizo zikikosekana, rudisha, omba nakala nyingine.