Tahadhari: kompyuta mpakato inayowaka dukani na kugoma nyumbani

Ndugu zangu, yupo muuzaji wa kompyuta mpakato zilizotumika, Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, ambaye ameniuzia maiti kwa shilingi 650,000 na bado ana ujasiri wa kuniita mteja wake.

Naomba asitokee mtu wa kuniambia kwamba sikuikagua. Niliiwasha kwa kidole changu mwenyewe. Nembo ikapita, vidoti vikazunguka, ukurasa wa mwanzo ukafunguka bila kusita. Nikaizima na kuiwasha tena, ikafanya vilevile. Nikafungua faili la Excel nililokwenda nalo kwenye flashi, nikabonyeza kila herufi ya kibodi, nikasikiliza spika, nikachomoa chaja ili nione kama betri inashika. Nilipojaribu kupunguza mwanga wa kioo haukupungua, naye akacheka kwa upole na kusema, “Mwalimu, hiyo ni Windows mpya, ukifika nyumbani ukaiapdeti itakaa sawa.” Nikaomba tuiunganishe na intaneti palepale, akasema bando lake limekwisha tangu asubuhi, na wakati natafuta simu yangu mfukoni alikuwa ameshaifunga mashine na kuitia kwenye begi jipya la bure, huku akimtuma kijana akaniletee soda. Ni mtu wa makamo, mwenye adabu, duka lake lina kibao, na aliyenielekeza kwake ni mwenzetu wa ofisi ya walimu aliyenunua printa hapo na hadi leo inachapa. Mtu wa namna hiyo unaanzaje kumshuku?

Nyumbani nikaiunganisha na intaneti mbele ya familia nzima, iliyokuwa imekusanyika kuishangaa. Windows ikaanza kupakua masasisho yenyewe, kioo kikapepesa, ikatokea mistari ya rangi kutoka juu hadi chini, kisha skrini ya bluu. Tangu hapo kila ikiwashwa hufika kwenye vidoti, hupiga mistari, hujizima na kuanza upya, mpaka Windows inapochoka na kuleta ukurasa wake wa kujikarabati, ambao nao haukarabati chochote. Mwanangu akaniuliza kama nimenunua televisheni mbovu.

Fundi niliyempelekea alibadilisha RAM kwanza, hali ikabaki ileile; akaipima diski, ikawa nzima. Alipoiwasha katika modi salama ikakubali, na hapo ndipo alipotikisa kichwa, kwa sababu katika modi hiyo Windows hutumia programu ndogo ya kuonyesha picha isiyoisumbua chipu ya picha; maana yake ubovu uko kwenye chipu hiyo. Katika rekodi za hitilafu za Windows akakuta msimbo 0x116, unaotolewa chipu hiyo inapoganda na kushindwa kurejeshwa. Akaifungua: skrubu mbili hazipo, na pembeni ya chipu kuna mabaki ya flaksi, ute wa kulehemu, alama kwamba imewahi kupigwa bloa ya joto ili ifufuke. Dawa hiyo hushika kwa muda mfupi tu. Ilipokataa, muuzaji aliiondoa programu-endeshi (driver), ile inayoifanyisha chipu kazi, ndiyo maana hata mwanga haukupungua, na kwa kuwa Windows ikipata intaneti huipakua tena yenyewe, akahakikisha mashine haionji intaneti hadi imwondokee mikononi. Huo si ubovu uliompitia machoni, ndugu zangu. Ni kazi iliyofanywa na mtu aliyejua anachokifanya.

Nilipoirudisha aliniambia, mbele ya wateja wengine, kwamba nimeiharibu mimi kwa kuiunganisha na intaneti! Dhamana yake ya wiki mbili, kumbe, ni ya “programu tu”, na karatasi aliyoniandikia kwa mkono ina maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakunipa, na fedha nilizituma kwenye namba ya simu yenye jina la mtu mwingine kabisa, si lipa namba ya duka.

Kwa hiyo mkienda huko, iunganisheni na intaneti palepale kwa bando lenu na muisubiri ipakue hadi mwisho, mjaribu mwanga wa kioo, mtazame skrubu za chini. Katika orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager), mkiona imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter mahali pa jina la chipu ya picha, yaani inatumia ile programu ndogo, iacheni. Mengine ataeleza fundi, maana mimi hasira hainiruhusu.

Ninachotaka ni huyu bwana afungiwe. TRA wamuulize risiti zake ziko wapi, Tume ya Ushindani imuulize ni kwa ruhusa ya nani anaficha ubovu wa bidhaa, na polisi wamuulize mwenye ile namba ya simu ni nani. Mashine ninayo, karatasi ninayo, ujumbe wa muamala ninao. Aliyeuziwa hapo mashine ya namna hii anitafute faraghani, twende kulalamika tukiwa wengi.