Fu Manchu wa 1965: bado anatazamika

Nimeirudia The Face of Fu Manchu, filamu ya mwongozaji Don Sharp kuhusu jambazi wa Kichina Fu Manchu, na niseme tu: bajeti ilikuwa ndogo, ila haikuliwa bure. Ile London ya kwenye filamu ni Ireland. Pale mwanzo, jambazi anapopelekwa kukatwa kichwa, walirekodia ndani ya gereza la zamani la Kilmainham, Dublin. Zile kuta za mawe zinatisha kuliko seti yoyote ya mbao.

Kipande kilichonikamata ni cha kijiji cha Fleetwick. Hakuna kelele wala damu. Watu wamelala chini kila mahali, wameuawa na sumu. Nigel Green, mpelelezi Nayland Smith, ana ukali wa mwalimu wa zamu, na unamfaa. Ngumi ni za kawaida. Tibet ya mwishoni imepitiwa mbiombio.

Kinachokera ni Christopher Lee, Mwingereza, kupakwa vipodozi awe Fu Manchu, huku Tsai Chin, Mchina wa kweli, anaachiwa nafasi ya binti wa jambazi huyo tu. Lakini sauti ya Lee, jamani!

Nyota tatu kati ya tano. Zilifuata filamu nyingine nne za Fu Manchu; mimi naishia hii.