Nilifanyiwa leza ya macho Dar, nikaponea Kigoma

Kwa wenye haraka: miwani nimeivua, sijutii, na hela yangu naona imefanya kazi. Ila kuna njia mbili za kurekebisha macho kwa leza, na niliyofanyiwa mimi ni PRK, siyo LASIK ambayo ndiyo kila mtu anaitaja, na kwa sisi tunaoishi huku mwisho wa reli tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko unavyoambiwa mapokezi. Upasuaji wenyewe uliisha kabla sijamaliza kuogopa. Kupona ndiko kulikofanyika nyumbani, kwa miezi, na huko ndiko nitakaa kidogo.

Nafundisha fizikia sekondari, upande wa Ujiji. Miwani nilianza kuvaa nikiwa kidato cha pili, na namba zilipanda mpaka zikagota kwenye hasi nne na nusu jicho la kulia, kushoto pungufu kidogo. Bila miwani, mwanafunzi wa dawati la pili alikuwa sauti tu: nasikia "shikamoo mwalimu", sijui nani. Chaki inaganda kwenye kioo, jasho linateremsha fremu puani. Na ukweni ni Mwamgongo, unakwenda kwa boti kutoka Kibirizi. Ziwa likichafuka kidogo tu, maji yanarukia usoni na mimi safari nzima nashika miwani kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine.

Hospitali ni ya binafsi, ipo Dar. Sitaitaja jina kwa sababu nina ya kuisifu na ya kuilalamikia. Cha kusifu ni vipimo. Nilitegemea kusoma herufi ukutani nilipe niingie, kumbe nusu siku nzima ni mashine. Walichora ramani ya konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, wakapima unene wake, wakaweka karatasi nyembamba kwenye kope kuangalia kama machozi yanatosha, wakatia matone ya kupanua mboni mpaka nikashindwa kusoma simu yangu mwenyewe. Waliniuliza pia kama namba zangu zimetulia kwa mwaka mzima, na kama nina mimba au nanyonyesha, maana hali hizo zinayumbisha namba.

Benchi nililokaa kulikuwa na kijana ambaye amekuwa na mzio wa macho tangu utotoni, wa kuwasha na kusugua. Ramani yake ilionyesha konea imeanza kuchongoka mbele, ugonjwa unaoitwa keratokonasi. Alikataliwa palepale. Alinuna, na nilimwelewa, lakini ukiipunguza konea ya namna hiyo kwa leza unaidhoofisha zaidi na mtu anaweza kuharibikiwa kabisa. Ndiyo maana hospitali itakayokuambia lipia leo uingie leo, bila ramani, mimi nisingekanyaga hata kama ni ya bure.

Yangu ilikuwa salama ila nyembamba. Konea ya kawaida ina unene wa karibu mikroni 540 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Yangu ilikuwa chini ya 480. Daktari alinifanyia hesabu kwenye karatasi, na mwalimu wa fizikia ukimpa hesabu umempata. Leza inachukua takriban mikroni 14 kwa kila namba moja ya miwani, kwa hiyo yangu ingekula kama 60 na ushei. Kwenye LASIK, kabla ya leza, unakatwa kwanza mfuniko mwembamba wa mikroni 100 hadi 120, unafunuliwa, leza inapita chini yake, kisha unarudishwa. Mfuniko huo ukirudishwa haujengi tena nguvu ya konea kama mwanzo, kwa hiyo nao unahesabika kuwa umepotea. "Kwa hesabu inakubali," alisema, "lakini sipendi kukuacha na akiba ndogo." PRK haina mfuniko. Wanakwangua utando wa juu kabisa, ambao unaota upya wenyewe, na leza inafanya kazi juu ya konea moja kwa moja.

Matokeo ya mwisho ya njia hizi mbili hayapishani sana. Bei ya PRK unailipa kwenye kupona. Mtu wa LASIK kesho yake asubuhi anasoma vibao vya barabarani. Wa PRK utando wake unachukua siku nne mpaka saba kufunga, macho yanakuja taratibu, na ukali kamili unaweza kuchukua miezi mitatu, wengine hata sita.

Kwa nini basi nasema kwa mtu wa Kigoma PRK ina upande wake mzuri? Kwa sababu mfuniko wa LASIK unaweza kuteguka ukipigwa jichoni, hata muda mrefu baadaye. Mimi nina mtoto mdogo anayelala na viwiko, na napanda bodaboda kila siku. Hilo lilinimalizia ubishi.

Siku yenyewe sina mengi. Kidonge cha kutuliza, matone ya ganzi, chuma kidogo kinachozuia kope zisifunge. Wakatia maji yenye spiriti juu ya konea kwa sekunde kadhaa, wakafuta utando, picha yote ikawa kama ukungu. Unaambiwa uangalie kitaa kinachometameta. Leza ikaanza kutatarika, na kukawa na harufu ya nywele zilizoungua. Hakuna maumivu hata chembe. Leza hii inaitwa eksima, mwanga wake ni wa urujuanimno, nanomita 193, na hauchomi kwa joto: unavunja vifungo vya molekuli pale unapotua na kuacha jirani ilivyo. Watafiti wa kampuni ya IBM kule Marekani waligundua mwaka 1981 kwamba inaweza kukata nyama kwa usafi namna hiyo, na walichojaribia kilikuwa mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Nimeshawahadithia kidato cha nne. Sasa wote wanaikumbuka mada ya mawimbi.

Mwisho wanakuvalisha lenzi laini isiyo na namba, kama bandeji, mpaka utando ufunge. Unatoka kwa miguu yako.

Halafu ganzi inaisha.

Jioni ile na siku mbili zilizofuata sitazipamba. Ni kama mtu kakumwagia mchanga uliochanganywa na pilipili kichaa, kisha akakuambia usijikune. Machozi yanatiririka, pua inavuja, mwanga wa simu tu unakupiga kama kofi. Dada yangu wa Tabata alitundika khanga mbili juu ya pazia, na bado nikaona kumekucha. Niliomba nipewe yale matone ya ganzi nibaki nayo, wakakataa, na walikuwa sahihi, kwa sababu ukiyatia mara kwa mara utando haufungi. Nilipewa vidonge vya maumivu na barafu ya kuweka juu ya kope. Kama unafikiria kwenda peke yako Dar ukalale gesti, acha. Huoni, na ratiba ya matone inataka mtu wa kukusimamia.

Sasa lalamiko. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa waliandika "arudi baada ya wiki moja, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu", na dada wa mapokezi akaninyooshea kalamu nichague tarehe kana kwamba Kigoma ni Kibaha. Ni zaidi ya kilomita 1,200! Nilikaa Dar mpaka lenzi ya bandeji ikatolewa na daktari akaridhika utando umefunga. Hiyo haina mjadala, usipande chombo kabla ya hapo. Lakini mpango wa baada ya hapo niliudai mwenyewe. Nikamwomba daktari barua, nikatafuta mtaalamu wa macho hapa mjini kwetu, akawa ananipima na majibu yanatumwa Dar kwa WhatsApp. Kipimo kikubwa hapo ni presha ya jicho. Matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, unayopewa ili konea isifanye ukungu wakati wa kupona yanatumika kwa wiki nyingi yakipunguzwa pole pole, na kwa baadhi ya watu yanapandisha presha ya jicho bila dalili yoyote. Yangu ilipanda kidogo, dozi ikabadilishwa mapema. Bila yule mtaalamu nisingejua.

Matone yenyewe nunua yote Dar kabla hujaondoka, hasa machozi ya bandia yasiyo na kemikali ya kuhifadhi. Huku madukani yanapatikana leo, kesho hakuna. Nilirudi kwa ndege. Basi lenye madirisha wazi siku nzima kwenye vumbi sikutaka hata kulifikiria.

Na hapa niseme jambo ambalo hospitali haikusema hata mara moja: chagua msimu. Mwalimu mwenzangu ambaye ndugu yake alishafanyiwa alinizuia nisiende likizo ya Juni. Juni kwetu ni kiangazi, vumbi jekundu linapaa, watu wanachoma majani, na jua halina aibu. Nikasubiri Desemba. Mvua zilikuwa zinanyesha, vumbi limelala, mawingu yamefunika. Jua ni adui wa PRK kwa miezi ya mwanzo kwa sababu mionzi yake inaweza kuchochea kovu la ukungu kwenye konea, kwa hiyo kila nikitoka ilikuwa miwani ya jua na kapelo, hata kwenda dukani. Bodaboda mmoja pale mtaa wa Mwanga aliniuliza kama nina macho mekundu, maana alikuwa hataki kuambukizwa. Nikamwambia nimetoka Dar. Alielewa anavyojua yeye.

Nyumbani pana hatari zake. Moshi wa mkaa na mawese yanapochemka kikaangoni: nikawa sikai jikoni, jambo ambalo mume wangu alilipokea kwa moyo mzito kuliko nilivyotarajia. Feni niliigeuza ipulize ukutani, la sivyo unaamka macho yamekauka na kope zimeng'ang'ania. Usiku nalala na vikinga vya plastiki nisijisugue usingizini. Mwamgongo hatukwenda likizo ile, maana maji ya ziwa yalikuwa marufuku machoni kwa mwezi.

Shangazi alikuja na chupa ya asali.

"Mwanangu, asali ya Tabora ilishamdhuru nani?"

"Haijamdhuru mtu, Shangazi, ila daktari kakataza kitu chochote kisichotoka kwenye chupa yake."

Akaniangalia, akaifungua, akaitia kwenye chai yake. Kesho yake jirani akapendekeza maziwa ya mama anayenyonyesha. Jiandae na majibu ya heshima, kwa sababu watakuja wengi na wote wanakupenda.

Macho yenyewe yalikuja kwa kupanda na kushuka. Wiki ya pili nilisoma vibao vya maduka vizuri asubuhi, jioni vikawa na kivuli. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likabaki nyuma mpaka nikaanza kuingiwa na hofu. Daktari alikuwa akijibu ujumbe kwa neno moja: "Subiri." Usiku ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Zile siku za giza, mwezi ukiwa haupo, ambapo wavuvi wa dagaa wanawasha taa ziwani, kila taa niliiona imezungukwa na duara, na mbili zikikaribiana zinakuwa donge moja la mwanga. Nikazifanya kipimo changu. Kufikia Machi, giza likirudi, zilikuwa zimeachana na maduara yamebaki membamba. Mpaka leo taa kali za gari linalokuja mbele usiku zinanisumbua zaidi kuliko zamani. Nimeambiwa huenda zikapungua tena, huenda zikabaki hivyo.

Shule ilipofunguliwa Januari niliwaambia vijana ubao unafutwa kwa kitambaa chenye maji, dasta hapana. Kipimo cha mwisho: kulia 6/6, yaani naona kama mtu asiye na tatizo, kushoto vilevile. Machozi ya bandia bado natembea nayo kwenye pochi, na kiangazi kilichofuata niliyatumia kwa wingi.

Nina miaka thelathini na kitu, na daktari alinikalisha chini kuhusu hilo. Ukivuka 40 hivi, jicho linapoteza uwezo wa kusoma karibu, leza haizuii. Wenye macho kama yangu, yasiyoona mbali, wana bahati moja: wakifika umri huo wanavua miwani tu wanasoma. Mimi nimeiuza bahati hiyo. Nitahitaji miwani ya kusomea kusahihisha madaftari. Kaka yangu ana 44, alitaka kunifuata, akasikia hilo, akaghairi. Naona alifanya busara.

Kuhusu bei, ambayo ndiyo watu wananisimamisha njiani kuuliza: bima yangu haikulipa hata senti, na kiasi kilichotajwa kwenye simu hakikuwa na matone, vipimo vya awali wala ziara za baadaye. Ukipiga simu, uliza bei ya macho yote mawili, uliza kama ni LASIK au PRK, uliza kama vipimo unalipa hata ukikataliwa, na kama wakilazimika kurudia leza baadaye nani analipa. Kisha jumlisha nauli, na nauli ya atakayekushika mkono.