Jina Kwanza, Rangi Baadaye: Tathmini ya Duka la Leso, Biashara Street, Mombasa

Utafiti wangu wa uzamivu unahusu jinsi rangi, maandishi na mpangilio wa michoro vinavyomwongoza mnunuzi katika uamuzi wake, na kwa ajili hiyo nimekwenda mara nne katika duka moja dogo la leso, yaani khanga, lililoko Biashara Street, mara ya kwanza kutazama tu, mara tatu zilizofuata kununua.

Leso ina pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa upande wa chini wa mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili ambavyo mnunuzi huvitenganisha na kuvikunga mwenyewe. Katika maduka kadhaa ya mtaa huo niliona doti zikipangwa rafuni kwa namna ambayo jicho hukutana na pindo na kipande cha mji, huku jina likifichika ndani ya mikunjo. Mpangilio huo humlazimisha mteja kuchagua kwa rangi, ilhali swali nililolisikia mara nyingi zaidi ni, “Hii yasemaje?”

Duka hili limelizingatia swali hilo. Doti zake hukunjwa jina likiwa nje, na zile mpya hutundikwa mlangoni zikiwa wazi, hata apitaye njia huweza kuzisoma. Mama muuzaji humwambia mteja, “Isome kwanza, mwanangu,” kisha hunyamaza akamngoja. Nilimwona bibi mmoja akiirudisha doti ya samawati aliyokwisha kuisifu, kwa kuwa alihofu mkaza mwanawe angelichukulia jina la doti hiyo kuwa ni fumbo; akachukua nyingine, yenye michoro ya korosho pembeni, iliyoandikwa “Wema hauozi”. Rangi ndiyo iliyomvuta hadi kwenye rafu, lakini aliyenunuliwa zawadi hiyo ndiye aliyekuwa akilini mwake alipolipa. Wapo pia wazee ambao hukagua ukingo wakitafuta alama ya “Mali ya Abdulla”, ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza Mombasa mwaka 1887.

Kasoro zipo. Bei hazijaandikwa popote, na mgeni husita kuuliza. Leso za pamba zimechanganywa na za poliesta, na kwa kuwa leso mpya huwa ngumu kwa wanga, mkono hauwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Moja niliyoidhania pamba haikunywa maji hata baada ya kufuliwa mara mbili, jambo zito kwa nguo inayotarajiwa kumbeba na kumfuta mtoto. Taa za ndani nazo ni kali mno: kisutu, leso ya maharusi, nilichokiona chekundu kilikuwa damu ya mzee nilipofika nje. Mama huyo alinibadilishia bila kunung’unika. Nenda asubuhi, uliza kama ni pamba, na uitoe doti hadi mlangoni uitazame kwenye mwanga wa jua kabla ya kulipa. Hapo dukani hakuna atakayekuzuia.