Ziara ya chakula Istanbul: pilau yangu niliikuta ndani ya kome

Kila nikienda Istanbul kuchukua mzigo wa nguo Laleli, nakula döner, nyama ya kuchoma ndani ya mkate, nimesimama, kisha narudi madukani. Safari hii nikasema na mimi nikae nile kama watu. Nikalipia ziara ya chakula ya kutembea kwa miguu, dola 95, asubuhi hadi saa tisa alasiri: tunaanzia Eminönü, tunapanda kivuko hadi Kadıköy, upande wa Asia.

Kifungua kinywa peke yake kilirudisha nusu ya pesa. Simit, mkate wa duara, ya moto iliyojaa ufuta, jibini nyeupe, zeituni, na menemen, yaani mayai yaliyovurugwa na nyanya na pilipili hoho, bado yanatokota kikaangoni. Halafu kaymak: malai mazito, yale ya asili hutoka kwa nyati wa kufugwa, unayamwagia asali na kuchovya mkate. Çay haikatiki, ya rangi, kwenye bilauri ndogo yenye kiuno. Ukiomba maziwa utatazamwa. Mimi niliomba.

Mtu wa pwani ajue mapema kwamba majina yatamdanganya. Bamya ni bamia kweli, lakini pilav niliyoletewa Kadıköy ilikuwa wali mweupe wa siagi, umechanganywa na tambi ndogo ndogo. Hakuna bizari, hakuna mdalasini, hata kiazi hakuna. Nilinuna. Nikaonja, punje zimechambuka moja moja na siagi inanukia, nikanyamaza. Adana kebap nayo ni hivyo hivyo: nyama ya kondoo iliyokatwakatwa kwa kisu, mafuta ya mkia, chumvi, pilipili nyekundu, mkaa, basi. Asiyeweza pilipili aagize Urfa kebap, isiyo kali. Ya kuteremshia ni ayran, mtindi wenye maji na chumvi. Glasi ya kwanza nilikunja uso, ya tatu niliiomba mwenyewe.

Kasoro? Kundi lilikuwa la watu kumi na sita, na sisi wa nyuma tulimsikia mwongozaji nusu nusu. Baklava ya pistachio, kitamutamu cha tabaka za unga na shira, tulipewa dakika kumi, tumesimama, matumbo yamejaa. Kitu kile kinataka kiti na kahawa. Kokoreç, utumbo wa kondoo uliosokotwa na kuchomwa, usiikimbie. Mla utumbo wa nyumbani hatashangaa.

Kilichonimaliza ni midye dolma, kome waliojazwa wali, wanauzwa barabarani. Wahanafi kadhaa kwenye kundi hawakula, madhehebu yao hayaruhusu kome. Sisi Mashafii hatuna neno. Muuzaji anafungua, anakamulia limau, gamba la juu ndilo kijiko, na anaendelea kukupa mpaka useme basi. Ndani ya wali ule mlikuwa na mdalasini, pilipili manga na zabibu ndogo. Nilikula kumi na mbili. Kesho yake nilirudi peke yangu, bila mwongozaji.